Meza Isiyo na Wenyewe

Kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hii fupi imewalea watoto wengi wa Waswahili, na aghalabu husomwa kwa njia moja tu: kazi, hata iwe duni namna gani, haiwezi kulinganishwa na mchezo, hata uwe mzuri namna gani. Mwenye kuitafakari zaidi atakuta ndani yake jambo ambalo waliyoitunga hawakulikanusha. Methali inakiri kwamba kuna mchezo mwema. Haisemi mchezo huo ni upi, wala unapatikana kwa njia gani, wala nani ana haki ya kuutenga na mchezo mbaya. Maswali hayo matatu imemwachia msikilizaji.

Mji wa Morogoro ni mahali pafaapo kuyauliza. Umekaa chini ya safu ya Uluguru, kilele cha Lupanga kikiutazama kwa juu, na katika vitongoji vyake vya Mji Mpya, Mafiga, Kihonda na Msamvu meza ya pool ni kitu cha kawaida kama kigoda cha fundi viatu. Huwekwa barazani pa baa, chini ya bati la kibanda au kivulini pa mwembe. Kitambaa chake cha kijani kimechanika na kushonwa, fimbo zimeegemezwa ukutani, chaki imekwisha hadi kubaki kigae. Sarafu ikitumbukizwa, mipira hushuka kwa kishindo. Aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa hulipa na kumpisha mwengine. Meza ina mwenye nayo, ambaye huja jioni kufungua kisanduku cha sarafu. Mchezo wenyewe hauna mwenyewe. Basi wapenzi wa mchezo huo wakiamua kuacha kuwa wateja wa meza na kuwa wanachama wa klabu, je, watakuwa wamebadili jina tu, au watakuwa wamebadili tabia ya jambo lenyewe?

Jawabu haliwezi kupatikana kabla ya kuyasikiliza mashtaka, na shtaka la kwanza ni la uvivu. Shtaka hili ni la kale kuliko meza. Katika Tanganyika na baadaye Tanzania, mtu aliyeonekana amekaa wakati wengine wamesimama ameitwa kujieleza mbele ya kila utawala. Waluguru wanaijua habari hiyo vizuri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao kwa hoja ya kuhifadhi udongo. Aliyesita alihesabiwa mkaidi, ingawa alikuwa akiulima mlima uleule tangu enzi za bibi yake na aliona kwa macho yake kuwa matuta yale yalifukua udongo usiozaa. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka huko Matombo, na mpango ukaachwa. Baada ya Uhuru, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwaandama wakaazi wa mijini wasioweza kuonyesha kazi ya kueleweka, wakakusanywa na kupelekwa mashambani. Na mwaka 2016, mwanzoni mwa utawala wa Rais John Magufuli ulioingia na kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, viongozi wa mikoa na wilaya mbalimbali walipiga marufuku kucheza pool saa za kazi.

Si haki kulidharau shtaka hilo. Kijana anayeinamia meza tangu saa tatu asubuhi hadi magharibi, ilhali mama yake anauza vitumbua ili yeye apate chakula, anamla mama yake. Hakuna falsafa ya mchezo inayoweza kulifuta deni hilo. Walakini amri ya saa za kazi ina kasoro iliyo wazi: inadhani kuwa saa za kazi ni saa za ofisi. Mchukuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu huanza kabla ya alfajiri, mboga na ndizi zinaposhushwa kutoka milimani; ikifika saa nne asubuhi mgongo wake umekwisha kutoa ulichokuwa nacho. Dereva wa bodaboda wa Msamvu hufuata ratiba ya mabasi, hafuati jua. Mlinzi wa usiku hutoka lindoni wakati wengine wanaingia kazini. Kwa watu hawa asubuhi ndiyo jioni yao. Askari anayewatimua mezani anaiona saa ya ukutani, na mtu hamwoni. Na mtumishi aliyetoroka ofisini kwake hanaswi, kwani yeye hujificha penye pazia.

Basi ni nani anayejua kama mchezaji fulani ameiba wakati au amepumzika kwa haki? Serikali haiwezi kujua, kwa kuwa iko mbali. Mwenye meza hataki kujua, kwa kuwa kila saa iliyoibwa ni sarafu kwake. Anayejua ni yule anayecheza naye kila siku, anayemfahamu mama yake na anayeifahamu kazi yake. Lakini huyo hana mamlaka ya kusema neno, maana mbele ya meza ile wote ni wapita njia, na mpita njia hamwulizi mpita njia mwenziwe habari za nyumbani kwake.

Shtaka la pili ni la kamari, na hapa jina lenyewe linatoa ushahidi. Katika Marekani ya karne ya 19 neno pool lilimaanisha fungu la fedha lililochangwa ili mshindi alichukue. Vyumba vya kuwekea dau za mbio za farasi viliitwa kwa jina hilo, na wenye vyumba wakaweka meza za biliadi ili wateja wasichoke kungojea mbio ijayo. Jina la dau likaihamia meza, na sifa mbaya ya chumba ikalifuata jina. Meza yenyewe haikuwa na hatia. Ilirithi deni la nyumba iliyowekwa.

Hali haiko mbali na hiyo chini ya Uluguru. Meza iliyo hatua mbili kutoka kaunta ya bia itanukia bia, na desturi ya aliyeshindwa kulipa, ingawa fedha yenyewe ni ndogo, ni dau lililovaa nguo za adabu. Wawili wanaoshika fimbo kila mmoja anajua kuwa ama atacheza bure kwa jasho la mwenziwe, au mwenziwe atacheza bure kwa jasho lake. Kwa aliyeshiba jambo hili ni mzaha. Kwa mwenye nauli ya kurudia nyumbani tu mfukoni, ni mlango, na milango ya namna hiyo hufunguka kuelekea ndani zaidi.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani na visiwa vya Afrika Mashariki, walipoujadili mchezo wa sataranji hawakuwa wepesi wa kuuharamisha. Wengi wao waliuona kuwa ni jambo lisilopendeza, wakataja yale yanayougeuza kuwa haramu: kuwekeana dau, kupitwa na sala, na maneno machafu. Msomaji akiitazama orodha hiyo ataona kuwa haina hata neno moja juu ya ubao wala kete. Yote matatu yanawahusu waliouzunguka ubao: wanachowekeana, wanachokisahau, na wanachotamkiana. Imam Ghazali, naye Mshafii, alipoandika juu ya malezi katika Ihya Ulumiddin alieleza kuwa mtoto atokaye chuoni aachiwe kucheza, kwani kumzuia na kumlemea daima kwa masomo huufisha moyo wake. Alisema hayo kwa ajili ya mtoto, na mtu anaweza kujibu kuwa mtu mzima ni habari nyengine. Lakini moyo wa mchukuzi wa sokoni nao hufa, na ukifa hauzikwi mara moja. Hutembea nao miaka mingi, na wanaoishi naye ndio wanaoisikia harufu.

Shtaka la tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba pool ni mchezo wa kuja, na kwamba mwenye bao, dhumna na keram hana haja ya kuinamia meza ya wageni. Historia inalijibu shtaka hili kwa namna ya kushangaza. Kabla ya plastiki, mipira bora ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Katika karne ya 19 soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar. Misafara iliyotoka bara kuelekea Bagamoyo ilipita chini ya milima ya Uluguru, penye mji wenye kuta wa Simbamwene uliojengwa na Kisabengo. Henry Morton Stanley aliupita mji huo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, na wakati huo aliyetawala alikuwa binti wa Kisabengo. Pembe zilivuka bahari, zikanadiwa Unguja, na baadhi yake zikaishia katika vyumba vya mabwana wa Ulaya na Marekani, zikigonganishwa juu ya kitambaa cha kijani. Uhaba wa pembe ndio uliomsukuma Mmarekani John Wesley Hyatt, mwishoni mwa miaka ya 1860, kutafuta kitu cha kutengenezea mipira badala yake, na jitihada hiyo ikazaa seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo duniani.

Mpagazi aliyeibeba pembe begani, awe huru au mtumwa, hakuuona mchezo alioulipia kwa uti wa mgongo wake. Akitokea leo kijana wa Morogoro akainama juu ya meza na kuupima mpira mweupe kwa jicho moja, hawezi kuambiwa kwamba anachezea cha watu. Kilichokuwa cha watu ni mlango. Mchezo uliporudi Afrika Mashariki pamoja na wakoloni, ulirudi ukiwa umefungiwa chumbani. Snuka, ndugu yake pool, ilibuniwa mwaka 1875 huko Jabalpur, India, na maofisa wa jeshi la Uingereza wasiokuwa na la kufanya siku za mvua. Hakuna aliyewaita wavivu. Klabu za wakoloni, kuanzia ile ya Waingereza mjini Unguja hadi zile za Gymkhana kule bara, zilisimama juu ya msingi mmoja: mwanachama alitambulikana kwa yule aliyekatazwa kuingia.

Hapa anayetaka kuanzisha klabu anapaswa kusita kidogo. Akilitwaa jina la klabu, atakuwa amelitwaa na doa lake. Barza haina ada wala kadi. Anayepita hukaribishwa, anayechoka huondoka, na mjinga hukaa karibu na mwanachuoni bila ya kuulizwa kilichomleta. Je, si bora mchezo ubaki barazani? Hoja hii ni nzito, na mwenye kuipuuza hajui barza ni nini. Lakini barza ina kitu ambacho meza ya kibandani haina: ina wenyewe. Wazee wa barza wanajulikana, na neno chafu likitamkwa kuna wa kukohoa. Bao halina tundu la kutumbukizia sarafu, wala hakuna anayefaidi kwa kuwafanya wachezaji wasahau sala. Meza ya pool ni ghali, ni nzito, inataka kitambaa, fimbo na paa, na kwa sababu hiyo huangukia mikononi mwa mwenye mtaji. Kilichokuja chenyewe kwa bao, kwa pool hakina budi kutafutwa kwa makusudi.

Na Morogoro ina ukoo mwengine wa klabu, usiotokana na Gymkhana. Katika miaka ya 1940 vijana wa mji huo waliunda Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ilimkuza Mbaraka Mwinshehe. Na mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha kikundi kilichokuja kujulikana kote kwa jina la Cuban Marimba. Bendi nyingi za dansi za wakati ule zilikuwa klabu kwa maana kamili ya neno: wanachama walichanga, magitaa na matarumbeta yakawa mali ya wote, na asiyejua kupiga alijifunza kwa anayejua. Wazee wengine waliwaita wahuni, kama wacheza pool wanavyoitwa leo. Ushindani wa bendi hizo mbili uliufanya mji mdogo wa mkonge usikike Afrika Mashariki nzima. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Walitaka kucheza, na kwa kuwa gitaa lilikuwa ghali kwa mtu mmoja, wakalazimika kuaminiana.

Aristotle aligawa urafiki mafungu matatu: wa manufaa, wa raha, na wa wale wanaotakiana mema kwa ajili ya wema wenyewe. Wanaokutana penye meza ya sarafu huanza na fungu la pili, na wengi huishia hapo. Raha ikikatika, jina la mtu husahaulika. Klabu haina uwezo wa kumlazimisha mtu apande hadi fungu la tatu, ila huweka ngazi. Wanaochangia meza moja huwa na kitu cha kukitunza pamoja, na kukitunza kitu pamoja huwafanya watu waulizane habari. Aliyekosekana wiki mbili hutumiwa mtu kwenda kumtazama. Aliyefiwa huchangiwa. Aliyefukuzwa kazi hujulikana, na anayejuana na fundi wa kuchomelea vyuma huko Kihonda humtajia jina lake. Ndipo pia yule mwenziwe aliyekuwa hana mamlaka anapoyapata: sasa anaweza kumwambia, kwa sauti ya ndugu, kwamba leo amekaa mno, mama yake anamngoja.

Faida hizi hazishuki kutoka mbinguni kwa kuandikwa katiba, lakini katiba huzipa pa kusimama. Klabu ya michezo Tanzania husajiliwa kwa utaratibu ulio chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na katiba ni sharti la mwanzo. Wengi huichukulia kuwa karatasi ya kumridhisha msajili. Kwa kweli ndiyo mahali ambapo wachezaji wanayajibu maswali matatu ya ile methali kwa mkono wao wenyewe. Kifungu cha ada humaliza dau: kila mmoja akilipa kwa mwezi kwa kadiri iliyokubaliwa, kushindwa hakumgharimu mtu ila pumzi, na mwenye mkono mzito anaweza kujifunza bila ya kuuza shati. Kifungu cha saa humaliza ugomvi na askari, maana mlango unafunguliwa kwa kuzingatia zamu za wanachama, na unafungwa kwa sala na kwa msiba. Kifungu cha mahali huitenga meza na kaunta. Kifungu cha mweka hazina huamua kama klabu itafika mwaka wa pili, kwani vyama vingi vya starehe havikuuliwa na maadui bali na daftari lisilosomwa mbele ya watu.

Swali la kaunta ndilo gumu kuliko yote, na lina historia yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 mchezo wa pool ulipata mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa kwa jina la bia ya Safari Lager, yaliyoanzia mikoani, Morogoro ikiwamo, na kushindanisha wanawake na wanaume. Mashindano hayo yaliutoa mchezo kibandani na kuufanya uandikwe magazetini. Wema huo haukanushiki. Hata hivyo klabu inayoishi kwa hisani ya bia haiwezi kumwambia mwanachama wake kuwa ametosheka. Ukulima wa mwengine hauoti shambani kwako. Ada ndogo ya watu 20 wanaojuana ina uhuru ambao hundi kubwa ya mdhamini haina: uhuru wa kukataa.

Limebaki suala la wanawake, na ndilo litakaloonyesha klabu imerithi ukoo upi. Meza ya baa imekuwa mahali pa wanaume, na mwanamke anayeikaribia hutazamwa kama kwamba amekuja kuuza kitu. Lakini hii ni nchi ya Waluguru, ambao ukoo wao hupita kwa mama na ardhi yao hufuata ukoo huo. Na mji uliotangulia mji huu ulitawaliwa na mwanamke. Klabu itakayowafungia mlango mabinti wa nchi hiyo itakuwa imeichagua desturi ya wakoloni na kuiacha ya wenyeji, kisha ijidai kuwa inatunza heshima. Kuwapo kwao pia kutafanya kazi ambayo faini haiwezi: maneno machafu hupungua mahali ambapo dada wa mtu ameshika fimbo na anaongoza kwa mipira minne.

Inawezekana klabu ikafanya yote hayo na bado ikaharibika. Inaweza ikawa ya marafiki watano wenye ufunguo. Inaweza ikaanza kuwachekea wasiojua, ikapandisha ada ili kuwachuja wachukuzi, ikasahau kuwa ilizaliwa kibandani. Kipimo cha kuigundua hali hiyo ni chepesi, na hakihitaji msajili wala mufti. Atazamwe aliyeshindwa. Penye kamari, aliyeshindwa ni mapato. Penye baa, ni mteja aliyemaliza zamu yake. Penye klabu ya watu wazima wanaoheshimiana, aliyeshindwa huonyeshwa alipokosea: mkono wake ulipotikisika, pembe aliyoikadiria vibaya, mpira alioukimbilia kabla ya wakati. Anarudi nyumbani na kitu zaidi ya alichokuja nacho.

Huo, yamkini, ndio mchezo mwema ambao methali iliutaja bila ya kuueleza. Haushindani na kazi, wala hauombi ruhusa kwa kujifanya kazi. Watu wake wanajua umeanza saa ngapi na unakwisha saa ngapi kwa sababu wao ndio waliopanga, na mwenye zamu ya mwisho huitandika meza turubai, huzirejesha fimbo mahali pake, huandika katika daftari kilichopatikana na kilichotumika, kisha hufunga mlango bila ya kusukumwa na mtu.